SIKU YA MWISHO YA KAZI NI SIKU YA HESABU

Kila ajira ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Mlango wa kwanza tunaujua vyema, kwa kuwa tuliutafuta kwa barua za maombi, kwa vyeti, na kwa kuamka alfajiri kwenda kusimama mbele ya lango la kiwanda. Mlango wa pili aghalabu hatuufikirii mpaka siku tunapoambiwa tupite. Hapo ndipo mfanyakazi aliyetumika miaka kumi au kumi na mitano hukabidhiwa bahasha moja, akaombwa kutia sahihi karatasi moja, akashukuriwa kwa maneno machache, kisha akatoka nje asijue kama alichopewa ni haki yake yote, nusu yake au robo yake.

Makala haya yamekusudiwa kumweleza msomaji wa hapa Uganda, mwajiri na mwajiriwa pia, mambo ambayo sheria ya nchi inayataka yatimizwe siku hiyo. Wahenga walituachia methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Jasho la mfanyakazi nalo ni mali. Asiyeliwekea daftari hulipoteza bila habari, na mara nyingi huona haya hata kuuliza, akidhani kwamba kudai ni utovu wa adabu kwa bwana mkubwa aliyempa riziki miaka mingi.

MFANO WA KAMBINI

Katika jeshi, ambako mwandishi wa makala haya anatumika, askari anayestaafu haondoki kambini kwa kupeana mikono tu. Hupita bohari moja baada ya nyingine akirudisha kila alichokabidhiwa: silaha, sare, viatu, blanketi. Kila mtunza bohari huangalia daftari lake, akapokea, akatia sahihi. Askari hana ruhusa ya kusema kwamba atarudisha baadaye, wala mtunza bohari hana ruhusa ya kudai kitu ambacho hakikuandikwa. Zikisha hesabu za vitu, huja hesabu za fedha.

Taifa letu limeshuhudia hesabu ya namna hiyo ikifanywa kwa watu wengi kwa pamoja. Kati ya mwaka 1992 na 1995 askari zaidi ya 36,000 waliondolewa jeshini ili idadi ya majeshi ipunguzwe wakati wa amani. Serikali iliunda bodi maalumu ya kuwasaidia, na pamoja na fedha wakapewa mabati ya kuezekea nyumba, mbegu za kupanda, na msaada wa ada za shule za watoto wao. Yapo waliyoyalalamikia, maana hakuna kifurushi kinachotosha maisha yote. Hata hivyo lilikubaliwa jambo moja la msingi, kwamba mtu aliyetumika hatolewi nje mikono mitupu kana kwamba hakuwahi kuwapo.

Yafaa ifahamike kwamba Sheria ya Ajira ambayo tutaieleza hapa haiwahusu askari wa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Uganda, kwani wao wana sheria yao. Lakini raia walioajiriwa na jeshi, kama vile fundi au mpishi asiye askari, wamo ndani ya sheria hii sawasawa na karani wa duka la mjini. Wasiomo, mbali na askari, ni ndugu wanaomtegemea mwenye shughuli ya familia, iwapo ndio wafanyakazi pekee wa shughuli hiyo na idadi yao haizidi watano. Wengineo wote wamo. Mtumishi wa nyumbani yumo, mlinzi wa usiku yumo, mchuma chai yumo. Wala haidhuru kwamba mkataba ulikuwa wa maneno matupu bila ya maandishi, maana sheria inautambua mkataba wa mdomo kama inavyoutambua ule wa karatasi, isipokuwa pale inapoagiza wazi kwamba mkataba uandikwe.

ILANI YA KUACHISHWA KAZI

Kwa miaka thelathini na zaidi mambo ya ajira yaliongozwa na Amri ya Ajira ya mwaka 1975. Mwaka 2006 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Ajira, na hiyo ndiyo iliyoweka misingi tunayoieleza.

Msingi wa kwanza ni ilani. Mwajiri anayo haki ya kumaliza mkataba, lakini anatakiwa amwarifu mfanyakazi mapema ili naye ajipange. Muda wa ilani hukua kadiri utumishi unavyokua. Aliyetumika zaidi ya miezi sita lakini hajatimiza mwaka hupewa wiki mbili. Aliyepita mwaka mmoja na hajafika miaka mitano hupewa mwezi mmoja. Aliyetimiza miaka mitano na hajafika kumi hupewa miezi miwili. Na aliyetumika miaka kumi au zaidi hupewa miezi mitatu. Hivi ni viwango vya chini kabisa. Mkataba unaweza kuahidi muda mrefu zaidi, lakini hauwezi kuupunguza. Aliye katika muda wa majaribio ana kanuni yake: hupewa ilani ya siku 14, au mwajiri humlipa mshahara wa siku 7 badala ya ilani hiyo.

Jambo moja hapa lastahili kutiliwa mkazo. Sheria inataka ilani iandikwe, tena iandikwe katika lugha ambayo mfanyakazi anatarajiwa kuifahamu. Barua ya Kiingereza cha mahakamani, anayokabidhiwa mtu ambaye hakupata kusoma lugha hiyo, haitimizi kusudi la sheria. Katika nchi yenye lugha nyingi kama yetu, ambamo mlinzi kutoka Arua anaweza kuajiriwa na tajiri wa Mbarara na wakaelewana kwa Kiswahili pekee, agizo hili si dogo. Mtu hawezi kujitetea dhidi ya jambo asiloweza kulisoma.

Mwajiri asiyetaka mfanyakazi aendelee kufika kazini katika muda wa ilani anaweza kumlipa mshahara wa muda huo na kumruhusu aende zake. Njia hiyo ni halali, iwapo fedha zimelipwa kweli. Na endapo mfanyakazi anabaki kazini mpaka ilani iishe, sheria inamruhusu apate nusu siku katika kila wiki ili atafute kazi nyingine.

ANAYETUHUMIWA ASIKILIZWE

Wapo wanaoachishwa kwa sababu ya makosa au kwa sababu ya kazi duni. Hapa waajiri wengi hukosea, kwa kuwa hasira huwatangulia. Tajiri huona upungufu katika hesabu za duka, humwita karani, humtukana, akampokonya funguo, na mambo yakaishia hapo.

Sheria haisemi kwamba mwizi abaki kazini. Inasema kwamba kabla ya uamuzi kutolewa, mfanyakazi aelezwe tuhuma zake kwa lugha anayoifahamu, apewe muda wa kutosha wa kujitayarisha, na asikilizwe. Anayo haki ya kuja na mtu mmoja anayemchagua mwenyewe, kwa mfano mwenzake wa kazini au kiongozi wa chama cha wafanyakazi. Mwajiri akiuruka utaratibu huu atatakiwa kumlipa mfanyakazi mshahara halisi wa wiki nne, hata kama sababu ya kumwachisha ilikuwa ya kweli. Maana ya kanuni hiyo ni kwamba kusikilizwa ni haki inayosimama peke yake, wala haitegemei kama mtu ana hatia au hana.

Pale uchunguzi unapohitajika, mwajiri anaweza kumsimamisha mfanyakazi kwa nusu mshahara, lakini kwa muda usiozidi wiki nne. Kumsimamisha mtu miezi sita bila ya neno lolote, mpaka achoke aende zake mwenyewe, ni kinyume cha sheria.

Kuna sababu ambazo haziwezi kamwe kuwa halali. Mwanamke haachishwi kazi kwa kuwa amepata mimba. Mtu haachishwi kwa sababu ya dini yake, rangi yake, maoni yake ya kisiasa, ulemavu wake au kuwa na virusi vya UKIMWI. Haachishwi kwa kujiunga na chama cha wafanyakazi, wala kwa kuchukua likizo anayostahili, wala kwa kupeleka malalamiko dhidi ya mwajiri wake.

Na kinyume chake pia kipo. Mfanyakazi anaweza kulazimika kuacha kazi kwa sababu ya vitendo vya mwajiri visivyovumilika, kama vile kutolipwa mshahara miezi mingi. Huyu, ijapokuwa ameondoka kwa miguu yake, sheria inaweza kumhesabu kuwa ameachishwa.

WANAPOPUNGUZWA WENGI

Nyakati nyingine hakuna mwenye kosa. Mashine mpya imenunuliwa, soko limeanguka, kampuni mbili zimeungana. Mwajiri anapokusudia kuwaachisha wafanyakazi 10 au zaidi katika muda usiozidi miezi mitatu kwa sababu za namna hiyo, hatakiwi kubandika orodha ya majina ukutani asubuhi moja. Lazima awape wawakilishi wa wafanyakazi sababu za hatua hiyo, idadi ya watakaoondoka na muda utakaotumika, tena si chini ya wiki nne kabla ya wa kwanza kuondoka. Lazima pia amwandikie Kamishna wa Kazi. Muda huo umewekwa ili watu wazungumze: huenda wapo watakaokubali kuondoka kwa hiari, huenda zipo nafasi katika tawi jingine, na walau watoto wa shule hawatashtukizwa katikati ya muhula.

TUFANYE HESABU

Maneno ya sheria huwa mazito mpaka yatiwe tarakimu. Tuchukue mfano wa kubuni. Karani wa bohari mwenye umri wa miaka 43, mwenyeji wa Arua, ametumika kiwandani Jinja miaka 11. Mshahara wake ni shilingi 600,000 kwa mwezi. Mwishoni mwa mwezi anaambiwa kwamba kazi yake imekwisha leo hii, naye anapewa shilingi 600,000 ndani ya bahasha pamoja na shukrani za kampuni. Je, hesabu imetimia?

Kwanza, hizo 600,000 ni mshahara wa mwezi alioufanyia kazi tayari. Kwa hakika bado hajalipwa chochote kwa ajili ya kuachishwa.

Pili, kwa kuwa ametumika zaidi ya miaka kumi, ilani yake ni miezi mitatu. Maadam haikutolewa, anastahili shilingi 1,800,000.

Tatu, likizo. Sheria inampa mfanyakazi wa kudumu siku 7 za likizo kwa kila miezi minne, yaani siku 21 kwa mwaka. Ikiwa karani wetu amefanya kazi miezi minane tangu likizo yake ya mwisho, anadai siku 14. Tukikadiria siku moja kwa shilingi 20,000, hizo ni shilingi 280,000.

Jumla ya vitu hivi vitatu ni shilingi 2,680,000 kabla ya kodi. Bahasha aliyopewa haifikii hata robo ya fedha hizo.

Nne, safari ya kurudi kwao. Mfanyakazi aliyetolewa umbali wa zaidi ya kilomita 100 kutoka nyumbani kwake anayo haki ya kurudishwa kwa gharama ya mwajiri katika hali kadhaa: muda wa mkataba unapokwisha, au mkataba unapovunjika kwa ugonjwa au ajali, au kwa makubaliano ya pande mbili, au kwa amri ya afisa wa kazi au mahakama. Aliyetumika miaka kumi au zaidi hurudishwa hata kama aliajiriwa hapo hapo karibu. Karani wetu, mwenye miaka 11, atadai usafiri wake kutoka Jinja hadi Arua. Na ikiwa familia yake ililetwa Jinja na mwajiri, nayo itasafirishwa.

Fedha hizo hazingojei hisani ya mtu. Sheria inaagiza kwamba ajira ikikoma, kwa namna yoyote ile, mfanyakazi alipwe mshahara wake na stahili zake zilizokwisha kupatikana katika muda wa siku 7. Maneno ‘kwa namna yoyote ile’ yanamhusu hata yule aliyefukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa. Huyo hupoteza ilani, lakini hapotezi mshahara wa siku alizokwisha kufanya kazi. Jasho lililokwisha kutoka halirudi mwilini.

KIINUA MGONGO

Watu wengi hudhani kwamba kila aendaye zake hupata kiinua mgongo. Sivyo. Sheria ya mwaka 2006 inakitoa kwa mfanyakazi aliyetumika mfululizo miezi sita au zaidi, katika hali maalumu: ikiwa ameachishwa isivyo haki, ikiwa amefariki akiwa kazini, isipokuwa kifo kiwe kimetokana na kosa lake kubwa la makusudi, ikiwa ameacha kazi kwa kupungukiwa na uwezo wa mwili, ikiwa mwajiri amefariki au amefilisika, au ikiwa afisa wa kazi amevunja mkataba kwa sababu mwajiri ameshindwa au amekataa kulipa mshahara. Aliyefukuzwa papo hapo kwa kosa lililothibitika hakipati.

Pengo kubwa limo katika kiasi. Sheria haikutaja kanuni ya kukokotoa. Imesema tu kwamba kiasi kitapatanwa kati ya mwajiri na mfanyakazi. Lakini mapatano kati ya mtu mwenye kiwanda na mtu aliyekwisha kutolewa langoni ni mapatano gani? Mwaka 2015 Mahakama ya Viwanda iliona tatizo hilo, na ikaamua kwamba pale ambapo hapakuwa na makubaliano, mshahara wa mwezi mmoja kwa kila mwaka wa utumishi ni kipimo cha haki. Kwa kipimo hicho, iwapo itathibitika kwamba karani wetu aliachishwa isivyo haki, kiinua mgongo chake kingekuwa shilingi 6,600,000. Fedha za namna hiyo zaweza kununua ng'ombe, kufungua duka, au kumaliza masomo ya mtoto. Yafaa basi vyama vya wafanyakazi vihakikishe kwamba kipimo kinaandikwa ndani ya mikataba ya pamoja mapema, wakati ambapo pande zote mbili bado zinahitajiana.

AKIBA ILIYO MBALI NA MACHO

Kuna fedha nyingine ambazo haziko mikononi mwa mwajiri, au hazipaswi kuwako. Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii ulianzishwa kwa sheria ya mwaka 1985. Kila mwezi mfanyakazi hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake. Kwa karani wetu ni shilingi 30,000 na shilingi 60,000, yaani 90,000 kila mwezi. Katika miezi 132 ya utumishi wake zimekuwa shilingi 11,880,000 kabla ya kuhesabu faida, ikiwa mshahara ulikuwa huo huo tangu mwanzo.

Hapa ndipo penye hatari iliyofichika. Mwajiri anatakiwa kupeleka michango ndani ya siku 15 baada ya mwezi kwisha. Wako waajiri wanaokata na wasipeleke. Stakabadhi ya mshahara inaonyesha kwamba fedha zimekatwa, lakini daftari la Mfuko halina kitu. Mfanyakazi asiyeuliza hesabu yake hugundua jambo hilo miaka kumi baadaye, pengine kampuni yenyewe ikiwa imekwisha kufa. Dawa yake ni nyepesi: aulize salio lake angalau mara moja kwa mwaka, angali kazini.

Vile vile ajue kwamba akiba hii haichukuliwi siku ile ile anapoachishwa. Hulipwa kwa ukamilifu mtu akitimiza miaka 55, au akiwa na miaka 50 na amekaa mwaka mzima bila ya ajira, au akipata ulemavu unaomzuia kufanya kazi. Akifariki, hulipwa warithi wake. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2022 yaliongeza kwamba mwanachama aliyetimiza miaka 45 na kuchangia kwa miaka 10 anaweza kuchukua asilimia 20 ya akiba yake, na mwenye ulemavu aliyetimiza miaka 40 anaweza kuchukua asilimia 50. Marekebisho hayo hayo yaliwataka waajiri wote wachangie, hata mwenye mfanyakazi mmoja. Karani wetu mwenye miaka 43 atangoja miaka miwili kabla ya kugusa sehemu ya kwanza. Kwa hiyo ilani, likizo na kiinua mgongo ndivyo vya kumvusha mto huo.

FUNZO LA MWAKA 1977

Ndugu msomaji asidhani kwamba mambo haya huwapata watu wa viwanda vidogo tu. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki wapo wazee waliokuwa watumishi wa mashirika makubwa kuliko yote, nao walikula chumvi ya jambo hili.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli, la Bandari, la Posta na Simu, na la Ndege yaligawanyika pamoja nayo. Dereva wa gari moshi, mpiga simu, karani wa bandari, wote walijikuta mwajiri wao ametoweka bila ya mfanyakazi yeyote kukosa kazini. Mali iligombaniwa na serikali tatu kwa miaka saba. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihesabu injini, meli, majengo na madeni, mpaka mkataba ukatiwa sahihi Arusha mwezi Mei 1984. Mali iligawanywa kwa vipimo vya asilimia 42 kwa Kenya, 32 kwa Tanzania na 26 kwa Uganda. Kuhusu wafanyakazi, ilikubaliwa kwamba kila nchi itawalipa raia wake pensheni na stahili nyinginezo.

Kukubali kulikuwa jambo moja, kulipa kukawa jambo jingine. Wastaafu wa Tanzania walilazimika kwenda Mahakama Kuu mwaka 2003, na ni mwaka 2005 ndipo walipofikia maafikiano na Serikali yao, na hata baada ya hapo wako waliosema kwamba hesabu haikutimia. Kutoka 1977 hadi 2005 ni miaka 28. Kijana aliyekuwa na miaka 35 siku ile alikuwa na miaka 63. Wengi walikwisha kutangulia mbele ya haki, madai yakabaki mikononi mwa wajane na watoto.

Sasa tafakari. Mtu anayedai malipo ya kazi iliyokoma miaka 28 nyuma atathibitishaje kwamba alikuwapo? Barua ya kuajiriwa, namba ya utumishi, stakabadhi ya mshahara, barua ya kupandishwa cheo: hizo ndizo shahidi wake. Karatasi iliyoliwa na mchwa katika sanduku la mabati yaweza kuwa thamani ya miaka ishirini ya reli.

NJIA YA KUDAI

Anayeona kwamba hakutendewa haki asichelewe. Malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa wa kazi wa wilaya katika muda wa miezi mitatu tangu siku ya kuachishwa, naye mlalamikaji awe ametumika mfululizo angalau wiki 13. Afisa anaweza kuongeza muda kwa sababu ya maana, lakini si busara kuitegemea huruma hiyo. Watu wengi huipoteza miezi mitatu hiyo wakizunguka na wazee wa kanisa au wa msikiti kumbembeleza tajiri. Suluhu ni njema, lakini itafutwe huku malalamiko yakiwa yamekwisha kuandikishwa.

Mbele ya afisa, mfanyakazi anatakiwa kuonyesha kwamba ameachishwa. Kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali ni mzigo wa mwajiri. Afisa akiona kwamba haki ilivunjwa anaweza kuamuru fidia ya mshahara wa wiki nne, na nyongeza isiyozidi mshahara wa miezi mitatu, mbali na stahili nyingine tulizozitaja. Zikipita siku 90 bila ya uamuzi, mlalamikaji anaweza kulipeleka shauri lake kwenye Mahakama ya Viwanda.

Kabla ya kuondoka mtu aombe hati ya utumishi. Mwajiri analazimika kumpa akiiomba, ikitaja jina lake, kazi aliyoifanya, muda wa utumishi na mshahara wake. Sababu ya kuachishwa haiandikwi mpaka mfanyakazi mwenyewe ataka, wala mwajiri hana ruhusa ya kuingiza humo maneno ya kumpaka matope.

Kuhusu ile karatasi isemayo ‘nimepokea yote na sina dai lolote’, msomaji awe macho. Makubaliano yanayomnyima mfanyakazi haki aliyopewa na Sheria ya Ajira ni batili, isipokuwa pale sheria yenyewe inaporuhusu. Hata hivyo ni afadhali kuzuia ubishi kuliko kuushinda. Atie sahihi kwa kiasi alichopokea tu, kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, pamoja na tarehe na maelezo ya kwamba ni malipo ya kitu gani. Asitie sahihi karatasi tupu, na asiondoke bila ya nakala.

WAJIBU WA PANDE MBILI

Haki haina upande mmoja. Mfanyakazi anayeacha kazi kwa hiari yake naye anatakiwa kutoa ilani. Anayeondoka usiku na funguo za bohari, au anayebaki na pikipiki ya kampuni akingoja kulipwa, anaiharibu kesi yake kwa mikono yake. Arudishe kila kilicho cha mwajiri, apate sahihi, kisha adai kilicho chake akiwa na uso mkavu.

Na mwajiri asione kwamba sheria hii imetungwa kumkomoa. Duka linalowalipa wanaoondoka kwa haki hupata wanaoingia kwa moyo. Wafanyakazi waliobaki humtazama anavyomuaga mwenzao, na kila mmoja hujisemea kimoyomoyo kwamba hivyo ndivyo nitakavyoagwa mimi. Tajiri anayeokoa shilingi milioni mbili kwa kumdhulumu karani mmoja huenda akapoteza uaminifu wa makarani ishirini.

Basi kila mfanyakazi atafute leo hii bahasha moja ngumu. Aweke ndani yake mkataba wake au barua ya kuajiriwa, stakabadhi za mishahara, kumbukumbu za likizo na namba yake ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Amweleze mke wake, au mume wake, au mtoto wake mkubwa, mahali ilipo. Siku ya mwisho ya kazi ikifika, iwe kwa kustaafu, kwa kupunguzwa au kwa ugomvi, aende mbele ya mwajiri akiwa na daftari lake mkononi, wahesabiane mbele ya mashahidi, kisha waagane.